Kulala Chini

Tangazo limetoka ofisini kwa Khalfan,
mistari minne, Kiingereza kimepigwa pasi:
mama yake, Bi Zuwena binti Mselem, wa Ibra,
succumbed, wameandika, kwa maradhi ya figo.
Na kwa kuwa katika ukoo mimi ndiye niliyesomea lugha,
nimeambiwa nilitafsiri kabla ya alasiri.
Wete wanasubiri. Bujumbura wanasubiri.
Sharjah wamekwisha kutuma vile viganja vya dua.

Nafungua kamusi. Maana ya kwanza: kusalimu amri.
Amri ya nani?
Huyu aliyejifunza gari na miaka hamsini na mbili
akawafundisha polisi wa barabara ya Sur kusema "pita, mama"?

Jumapili, Jumanne, Alhamisi, masaa manne kila mara,
damu yake ilitoka, ikafuliwa, ikarudi.
Mashine aliiita Mkwe.
"Humpendi," alisema, "lakini humgombezi mbele za watu."
Na Jumatano, plasta ingali mkononi,
utamkuta soko la wanawake, kofia zimepangwa magotini,
anamwambia bibi wa Kibedui aliyevaa barakoa:
vitundu hivi nimevitoboa mwenyewe,
macho yangu yamo humo,
na macho hayapunguzwi bei.

Maana ya pili: kushindwa na tamaa.
Hapa nasita, kwani hapa kamusi ina haki.
Alishindwa na embe bichi.
Kakatazwa chumvi, kakatazwa embe, kaandikiwa karatasi
ikabandikwa kwenye friji kwa sumaku ya umbo la kahawa.
Usiku mmoja nikamfumania, mlango wa friji wazi,
mwanga umempiga usoni kama mwizi wa kuku,
pilipili mdomoni, machozi, kicheko.
"Usimwambie Khalfan."
Sikumwambia.
Mpaka leo sijamwambia.

Maana ya tatu: kufa kwa ugonjwa. Nukta.

Kwetu maneno hayakosekani.
Katutoka. Kazidiwa. Kakata roho,
kana kwamba roho ni uzi;
na yeye, mshona kofia, mkasi aliujua,
hakuwahi kukata kabla ya kufunga fundo.

Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
kamusi inataja asili: Kilatini cha kale,
kulala chini ya kitu.
Nikacheka, peke yangu, na matanga hayajaisha.
Shangazi yangu! Miaka yote ya Ibra alilala chini,
kwenye mkeka wa Pemba uliokuja naye, ukingo umefumuka.
Kitanda alichonunuliwa na mwanawe
alikitandika vizuri, akakipangia kofia.

Hospitali nako aliomba atandikiwe sakafuni.
Nesi Shaija, wa Kerala, akasema sheria hairuhusu.
Ila usiku ule wa mwisho alikanyaga pedali,
kitanda kikashuka, kikashuka, kikagoma,
akateremsha na kile chuma cha ubavuni.
Shangazi akanyoosha mkono,
ncha za vidole zikafika kwenye vigae.
Akavipapasa kidogo, kama anayetafuta sindano.
"Hapa sawa."

Saa tisa na robo. Khalfan anapiga: tayari?
Naandika: Bi Zuwena binti Mselem amelala chini.
Nafuta. Bujumbura watauliza, kaanguka?
Naandika: ameshindwa.
Nafuta upesi, kama aliyetukana.
Naandika kama tunavyoandikiana siku zote,
Inna lillahi, kafariki asubuhi, maziko yamekwisha,
nyumba ya wanawake ni ile ya zamani, karibu na falaji.
Natuma.

Lile la Kiingereza limebaki kwangu.
Kwenye ukurasa wake nimelaza uzi mweupe wa kofia
nilioukuta jana kwenye mkeka,
una fundo upande mmoja.